Mdoli uliokatika mkono, nyumba ya boksi: Kabla hujatupa, soma hapa

Uvunguni mwa vitanda vya nyumba nyingi za Bukoba kuna mfuko wa salfeti ambao hakuna anayejua vizuri una nini ndani. Siku ya usafi ukiumwaga sebuleni unakuta mdoli uliokatika mkono, gari lisilo na matairi, visahani vitatu vya plastiki, kitanda cha mdoli kilichovunjika mguu na simu ya kuchezea iliyokufa betri. Mtoto mkubwa alishavisahau. Mdogo amevikimbilia, na tayari kimoja kiko mdomoni.

Hapo wazazi wengi huchagua moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaovitupa vyote jalalani, na wapo wanaomwachia mtoto kama vilivyo ili wao wapate nafasi ya kupika. Ipo njia ya tatu, nayo inahitaji mchana mmoja tu wa Jumamosi: kuvichambua, kuvikarabati vinavyofaa na kuvijengea nyumba.

Jambo hili linaweza kuonekana dogo kwa mzazi mwenye mengi ya kuwaza, kuanzia ada ya shule hadi bei ya kahawa. Lakini ndani ya mfuko ule kuna mambo mawili yanayogusa afya moja kwa moja. Kuna kitu kinachoweza kumjenga mtoto akili na moyo, na kuna kitu kinachoweza kumfikisha wodini usiku huo huo.

Kijumba cha migombani

Mzazi aliyekulia Kamachumu, Nshamba au Kashozi hahitaji kufundishwa nyumba ya mdoli ni nini. Aliijenga mwenyewe kibanjani. Nguzo zilikuwa vijiti, paa lilikuwa majani makavu ya mgomba, sufuria ilikuwa kizibo cha soda na chakula kilikuwa mchanga. Mtoto wa nyumba hiyo alikuwa gunzi la mahindi, au mdoli uliosokotwa kwa maganda makavu ya mgomba, akabebwa mgongoni kwa kipande cha kanga.

Mchezo huo wengine huuita baba na mama, wengine kujipikilisha. Wasichana na wavulana wote walikuwamo. Mmoja alikwenda kulima, mwingine alikwenda sokoni, wa tatu alikuwa mgonjwa aliyepelekwa kwa daktari, na sindano ilikuwa mwiba au kijiti.

Nyuma ya vijumba hivyo ilisimama nyumba kubwa yenyewe, mushonge wa Wahaya. Ni nyumba ya duara iliyoezekwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, katikati ya migomba. Ndani sakafu ilitandazwa nyasi, vyumba viligawanywa kwa matete, jiko lilikuwa humo humo na mifugo ilikuwa na sehemu yake. Leo mushonge ni nadra kuuona kijijini, na watoto wengi wa Kashai, Hamugembe na Rwamishenye wanaufahamu kwa picha tu.

Huko Ulaya nyumba ndogo zilianza kama mali za matajiri, si vitu vya watoto. Inayotajwa kuwa ya kwanza kuandikwa katika kumbukumbu ilitengenezwa kwa ajili ya mtawala wa Bavaria, Albrecht wa Tano, katika miaka ya 1557 na 1558. Jijini Amsterdam, makumbusho ya Rijksmuseum yanahifadhi nyumba ya mwanamke aliyeitwa Petronella Oortman, iliyojengwa na kupambwa kuanzia mwaka 1686 kwa miaka mingi. Uingereza, mbunifu wa majengo Edwin Lutyens alimjengea Malkia Mary nyumba ya midoli kati ya mwaka 1921 na 1924, na bado ipo katika Kasri la Windsor.

Wapo watu huko ambao mpaka leo hukusanya nyumba hizo za zamani, huzikarabati na kuzitafutia samani zake. Kwa mzazi wa Kagera, jambo la kuchukua kwao si bei ya vitu hivyo. Ni uvumilivu wa kukaa na kitu kidogo kilichovunjika mpaka kikasimama tena.

Kwa nini mtoto anahitaji nyumba ndogo

Mtoto huanza kuigiza akiwa na umri wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili. Anaanza kwa kumnywesha mdoli maji kwenye kikombe kitupu. Akifika miaka mitatu au minne anatunga kisa kizima: mdoli umeamka, umekataa uji, umelia, umebembelezwa. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, aliuelezea umri wa miaka miwili hadi saba kuwa ndio wakati ambao mtoto hujifunza kutumia kitu kimoja kusimamia kingine. Gunzi linakuwa mtoto, boksi linakuwa nyumba. Uwezo huo huo ndio atakaoutumia baadaye kuelewa kwamba alama iliyoandikwa ubaoni inasimamia sauti, na tarakimu inasimamia idadi.

Katika mchezo huo mtoto anajifunza pia lugha, kusubiri zamu, kupanga na kusoma hisia za mwenzake. Ndiyo maana mwongozo wa malezi jumuishi uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, WHO, pamoja na UNICEF na Benki ya Dunia, unaweka fursa za ujifunzaji wa awali sambamba na afya bora, lishe, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama. Tanzania nayo mwaka 2021 ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomlenga mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane.

Kucheza si hisani anayofanyiwa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inautaja mchezo na mapumziko miongoni mwa haki zake, pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu.

Upande wa pili kuna simu. WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, inashauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikalishwe kabisa mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ya hapo ni bora zaidi. Mzazi anayesoma makala haya kwenye simu anajua jinsi mtoto anavyoinyang'anya. Nyumba ya boksi ni moja ya vitu vichache vinavyoweza kushindana nayo, hasa kama mtoto ameshiriki kuijenga.

Mkoa unaojua kupoteza

Kagera ina sababu nyingine ya kuutazama mchezo huu kwa makini. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waliripotiwa mkoani hapa mwaka 1983. Utafiti uliofanyika mwaka 1987 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne wa Bukoba mjini akiishi na VVU. Watoto wengi wakabaki mikononi mwa bibi na babu. Huko Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Humuliza lilijikita katika kuwasaidia yatima kubeba msiba wao, na shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa pensheni ndogo wazee wanaolea wajukuu.

Watoto wa miaka ile ndio wazazi wa leo. Wapo ambao mdoli wao wa kwanza ulishonwa na bibi, kwa kuwa mama hakuwapo tena. Wapo pia ambao hawakuwa na muda wa kucheza kabisa, maana wakiwa na miaka tisa walikuwa wakichota maji na kuwapikia wadogo zao. Mzazi wa namna hiyo anaweza kuona mchezo ni kupoteza muda, na si kosa lake. Hakuna aliyewahi kukaa naye chini akacheza.

Kisha likaja tetemeko la Jumamosi ya Septemba 10, 2016, lililoua watu na kubomoa nyumba nyingi Bukoba na wilaya za jirani. Baada ya tukio kama hilo ni kawaida mtoto kujenga kijumba, kukiangusha, kukijenga tena na kukiangusha tena. Hachezi vibaya. Anajaribu kulielewa jambo lililomzidi ukubwa kwa kulifanya liwe dogo, la kumtosha mkononi.

Ndiyo maana nyumba ya mdoli ni dirisha la mzazi. Mtoto ambaye hawezi kusema kwamba anaogopa kulala peke yake atauambia mdoli usiogope. Mtoto aliyefiwa ataupeleka mdoli kaburini, kisha ataurudisha mezani kula. Mwache amalize.

Zipo dalili ambazo hazifai kuachwa zipite. Mtoto akiigiza kwa midoli vitendo vya ngono ambavyo kwa umri wake hapaswi kuvijua, au akirudia kisa kile kile cha kipigo kila siku huku ana hofu, ameanza tena kukojoa kitandani au hataki kubaki na mtu fulani, usimgombeze wala usimhoji kwa vitisho. Msikilize, kisha zungumza na ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Simu ya Mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo.

Hatari zilizojificha kwenye mfuko

Vitu vya kuchezea vya zamani, vya mitumba au vya kurithi, huja bila maelezo. Kabla ya kumpa mtoto, kagua mambo manne.

La kwanza ni rangi. Rangi za zamani za mbao na chuma mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Marekani, kwa mfano, ilizipiga marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, na WHO pamoja na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa yanapendekeza kiwango kisichozidi sehemu 90 kwa kila milioni. Hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na madhara yake hayaonekani kwa macho: uwezo wa kujifunza hupungua, utulivu hupungua, damu nayo hupungua. Kitu cha mbao au chuma kinachobanduka rangi, na hujui kilitoka wapi, kisiingie mikononi mwa mtoto. Usikipige msasa, kwa sababu vumbi lake ndilo hatari zaidi, wala usikichome moto.

La pili ni betri ndogo za duara, zile zinazofanana na kifungo. Zinakuwa ndani ya midoli inayolia, kadi zinazoimba na simu za kuchezea. Ikikwama kwenye koo la chakula inaweza kuunguza ndani ya saa mbili tu, hata kama ilishaisha nguvu. Ukihisi mtoto amemeza, usimtapishe na usisubiri dalili. Mkimbize hospitali yenye eksirei. Kitu chochote ambacho mfuniko wake wa betri hauna skrubu, kitoe betri kabisa. Mdoli unaonyamaza bado ni mdoli.

La tatu ni vitu vidogo. Chukua lile gamba la katikati ya karatasi ya chooni. Kitu kinachopita humo ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Macho ya vifungo, visahani, viatu vya mdoli na shanga vyote huangukia hapo. Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja akipaliwa na hawezi kulia wala kukohoa, mwinamishe na umpige mgongoni kati ya mabega mara tano kwa kiganja. Kisichotoka, simama nyuma yake umbane juu ya kitovu kwa mikono miwili, ukivuta ndani na juu, mara tano, kisha rudia. Wa chini ya mwaka mmoja habanwi tumbo: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, umpige mgongoni mara tano, kisha mgeuze umkandamize katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Wakati huo huo mwingine atafute msaada.

La nne ni sumaku. Zikimezwa mbili zinaweza kuvutana ndani ya utumbo na kuutoboa. Ondoa zote.

Kukarabati bila gharama

Vilivyosalimika sasa vioshwe. Plastiki ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Mdoli wa kitambaa ufuliwe, ukamuliwe na uanikwe juani mpaka ukauke hadi ndani, jambo linalohitaji subira katika mji wenye mvua nyingi kama Bukoba. Mdoli wa mpira unaobinywa ukitoa maji meusi una ukungu ndani, huo utupwe. Baada ya mtoto kuugua kuhara, osha vyote upya.

Mkono uliokatika unaweza kushonwa wa kitenge na kujazwa pamba au vipande vya nguo. Macho yaliyong'oka yatariziwe kwa uzi badala ya kubandikwa vifungo. Kitanda kilichovunjika mguu kikatwe miguu yote minne kiwe kifupi, kisha kilainishwe ncha. Usitumie kopo la samaki kama kitanda au bafu, kingo zake zinakata. Gundi ya uji mzito wa unga wa ngano inatosha kwa karatasi na boksi. Rangi zipo nyumbani: mkaa uliosagwa kwa nyeusi, udongo wetu mwekundu na manjano ya jikoni.

Mwambie mtoto mwenyewe achague kinachoanza kutengenezwa. Anapoona mdoli uliokatika umerudishiwa mkono, anajifunza jambo ambalo ni gumu kulieleza kwa maneno: kwamba kilichoharibika si lazima kitupwe.

Jenga mushonge, weka chandarua

Nyumba rahisi kuliko zote ni boksi la sabuni au la mafuta ya kula lililolazwa ubavu, upande mmoja ukiwa wazi. Weka kipande cha boksi katikati upate ghorofa. Viberiti vitatu vitupu vikibandikwa pamoja vinakuwa kabati lenye droo. Trei ya mayai inakatwa ikawa viti. Kipande cha kitenge ni pazia.

Anayetaka kumrithisha mtoto kitu cha kwao ajenge mushonge. Kata boksi gumu duara la sentimita 40, toboa matundu 12 ukingoni, chomeka vijiti vya sentimita 45, kisha vikusanye ncha juu na uvifunge kwa kamba ya mgomba. Zungusha kamba mara tatu kwenye vijiti, halafu ezeka kwa nyasi kavu ukianzia chini kwenda juu, ili tabaka la juu lililalie la chini kama paa halisi linavyomwaga maji. Acha nafasi pana upande mmoja mtoto aone ndani. Kama bibi au babu yupo, mkabidhi kazi ya kusema nini kikae wapi. Hilo ni somo ambalo hakuna kitabu cha shule kitakalolitoa kwa ufasaha wake. Kwa walio karibu, Makumbusho ya Kagera yaliyopo Nyamukazi yana vifaa vya jadi ambavyo mtoto anaweza kuvitazama na kuviiga.

Mtoto wa shule ya msingi mpe kipimo. Watengenezaji wengi wa nyumba za midoli hugawa kila urefu kwa 12. Mtu wa sentimita 170 anakuwa karibu sentimita 14, mlango wa mita mbili unakuwa karibu sentimita 17 na meza ya sentimita 75 inakuwa sentimita sita na kidogo. Ni hesabu ya kugawanya, ila hii ataifanya akicheka.

Kitu kimoja kisikosekane: chandarua. Muleba inafahamika duniani kwa jambo hilo. Utafiti uliofanyika wilayani humo na kuchapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa iliyoongezewa kiambato kinachoitwa PBO viliwakinga watoto dhidi ya malaria vizuri zaidi ya vyandarua vya kawaida vyenye dawa. Matokeo yake yaliisaidia WHO kuvipendekeza kwa maeneo ambayo mbu wamekuwa sugu. Kwa hiyo kipande cha wavu wa mfuko wa vitunguu juu ya kitanda cha mdoli si pambo. Mtoto anayemlaza mdoli wake ndani ya chandarua kila jioni hatasumbua sana akiambiwa naye aingie. Weka pia ndoo ya kunawia mikono karibu na choo cha nyumba hiyo, kizibo kinatosha.

Kaa chini, mtoto aongoze

Kazi ya mwisho ya mzazi ndiyo ngumu zaidi: kukaa kwenye mkeka na kutoongoza. Dakika 15 kwa siku zinatosha kuanzia. Usimsahihishe mtoto akiweka ng'ombe chumbani. Ndani ya mushonge ng'ombe alikuwamo. Badala ya kuuliza hii ni rangi gani, uliza nani anaishi hapa, leo wamekula nini, mbona huyu amekaa peke yake. Kisha nyamaza, usikilize.

Baba naye ana nafasi. Mtoto wa kiume anayelisha mdoli uji hapungukiwi kitu. Anajifunza kazi ambayo atahitajika kuifanya siku atakapokuwa na mtoto wake.

Nyumba ikizoeleka, andika chini ya sakafu yake jina la mtoto na mwaka. Mtoto akikua usiirudishe kwenye mfuko wa salfeti. Iweke juu ya kabati, mahali pakavu, mbali na moshi. Siku moja itashushwa ikiwa na nyasi zilizokatika na mdoli wenye mkono wa kitenge, na mtu mzima ataigeuza, atasoma jina lake, na atakumbuka ni nani aliyekaa naye kwenye mkeka.